Hongera, fundi wa Migori

Land Rover Series III ilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Yangu niliifunga diski mbele, na nilipofika Rongo nikitoka Homa Bay, gurudumu lilikuwa linanuka kuungua. Fundi wa jua kali Migori hakuuliza mengi. Alipiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono: zito. Akalegeza nati ya paipu kwenye masta silinda. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia.

“Mzee, hii masta ni ya ngoma. Ina vali inayobakiza presha, na diski haitaki hiyo.”

Mwingine angeniuzia kalipa mpya. Yeye alibadilisha masta tu, akatoa upepo, akanawa mikono. Nilirudi Homa Bay jioni, diski ikiwa baridi.