Hongera, Wapigaji wa Harusini

Siku za Idd hapa Mombasa, mchana ni wa watoto: nguo mpya, kisha pembea za Makadara. Usiku nyumba nyingi huishia mbele ya runinga, nami sina ugomvi nayo. Ila pongezi zangu ni za watu ambao runinga haijawaweza: wapigaji taarabu wa harusini.

Litazame taishokoto lao. Ni chombo cha Kijapani, kilibuniwa Nagoya mwaka 1912, na kina vitufe kama vya taipureta. Mkono wa kushoto wabonyeza, wa kulia wapiga nyuzi. Likafika pwani, likatiwa umeme, na nyuma ya sauti ya mwimbaji Zuhura Swaleh likawa Mombasa tupu.

Mwimbaji marehemu Juma Bhalo yeye alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir. Wapo waliomlaumu kwa kuiga. Waacheni waseme; mashairi yale yana uzito wake, hata ukiyasoma bila ya ngoma.

Na hakuna mchezo wa jukwaani unaoshinda kutuza. Ubeti ukimgusa mtu, bibi mmoja huinuka na noti, akaja polepole akiyumba na mdundo, macho kayatupa kwenye kiti fulani. Ukumbi mzima wajua anayesemwa ni nani. Mwimbaji naye ajua, na kwa noti ile ataurudia ubeti uo huo.