Injini ya Vyuma Vitatu

Fungua kichwa cha injini ya Yamaha DT 125 na hutakuta vali hata moja. Hakuna kamshafti wala cheni ya taimingi. Vyuma vikubwa vinavyokwenda ndani ni vitatu tu: pistoni, konrodi na krenki. Kijana wa gereji aliyezoea Boxer na TVS akiiona huiita kazi ya nusu siku: toa bloku, weka ringi mpya, funga, piga kiki. Itawaka, maana injini ya mipigo miwili haina kinyongo. Mwezi hautaisha kabla haijakufa tena, na safari hii pistoni itakuwa imechanika ubavu. Vyuma vikiwa vichache namna hii, kila kimoja hubeba kazi mbili au tatu, na kimoja kikilegea hakuna kingine cha kukificha.

Fundi ninayetaka kumzungumzia hana gereji. Ni mzee wa Chumbageni, hapa Tanga, mstaafu wa karakana ya reli, mwenye ua nyuma ya nyumba, meza nzito ya mbao chini ya paa la bati, na muda. Hapokei kazi za watu. Pikipiki anazofufua ni zake au za jamaa, na hana haraka nazo. Iliyopo mezani sasa ni DT iliyowahi kuvaa namba za DFP, yaani mali ya mradi wa wafadhili, ikauzwa mnadani, ikazunguka mikono ya watu hadi ikaishia kulala uani kwa mtu. Hiyo na nduguye AG100 ndizo zilizopanda njia za Usambara na mabwana shamba, waganga na mapadri migongoni, kabla pikipiki za bei nafuu za Kichina na Kihindi hazijajaa barabarani.

Kinachonivutia kwake huanza kabla hajashika spana. Jamaa aliyemletea DT alimwambia ringi zimekwisha, na ringi zenyewe zilikuwa za juzi tu. Mzee hakubisha. Aliziba tundu la moshi kwa kipande cha tyubu na kibao, akaziba mdomo wa kabureta kwa kibao kingine chenye mrija, akaunganisha geji na pampu ya baiskeli, kifaa ambacho katika mji huu wa baiskeli hakikosekani. Akajaza upepo pauni sita. Si zaidi, kwa kuwa ukizidisha utazisukuma sili zitoke mahali pake. Injini nzima inatakiwa ikae na upepo huo dakika kadhaa mshale usishuke. Mshale ulishuka mbele ya macho yetu. Akafungua kifuniko cha kushoto, akavuta sumaku, akapaka maji ya sabuni kuzunguka shingo ya krenki, na mapovu yakaanza kuota.

“Mwanangu, ringi hazikufa,” aliniambia. “Ziliuawa. Na aliyeziua bado yumo humu.”

Ili kumwelewa, kumbuka jinsi injini hii inavyopumua. Petroli na hewa haziendi juu ya pistoni moja kwa moja. Huingia kwanza chini, kwenye boksi la krenki. Pistoni ikishuka hulibana boksi hilo, na mchanganyiko hupanda kupitia matundu yaliyochongwa kwenye kuta za silinda. Aliyefikia wazo la kulitumia boksi la krenki kama pampu ni Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath, mwaka 1891, miaka miwili kabla Wajerumani hawajaanza kulaza reli kutoka hapa Tanga. Kwa hiyo boksi hilo lazima lizibe kabisa. Sili ya upande wa sumaku ikikauka, hewa hupenya bila kupitia kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli haba, moto unazidi, na pistoni inavimba mpaka inakwaruza silinda. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe mzito, na mwenyewe atalaumu oili ya dukani. Sili mbili za mpira, bei yake haifiki ya tairi, na wengi hawazigusi kwa sababu kuzifikia ni usumbufu.

Baada ya hapo ndipo bloku hutoka, na kazi inayofuata ni ya kupima. Silinda ya DT 125 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56. Mzee hupima juu, kati na chini, kila mahali mara mbili, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, anaandika kwa penseli kwenye kadibodi ya boksi la plagi. Silinda haiishi sawasawa: huliwa zaidi juu, ringi zinapogeuka, na kuzunguka tundu la moshi ambako joto ni kali. Macho hayaoni tofauti hiyo. Kidole chenye uzoefu kinaweza kuihisi, ila yeye hakiamini kidole chake, na hilo naliheshimu kuliko yote. Mtu aliyeshika vyuma maisha yake yote ana haki ya kujigamba kwa mkono. Huyu huenda kuchukua maikromita.

Pistoni za kuongezwa saizi zipo, robo milimita na nusu milimita juu ya ile ya asili na kuendelea. Utaratibu wake ni kununua pistoni kwanza, kisha kumpelekea mchongaji pistoni na bloku pamoja, na kumwambia aache nafasi kiasi gani kati yake. Hapa tunazungumzia sehemu nne au tano za mia za milimita, yaani 0.04 au 0.05. Ikibana zaidi, injini itakwama ikipata moto kwenye mlima wa kwanza. Ikilegea zaidi, pistoni itagonga kuta asubuhi na kuwaamsha majirani.

Bloku ikirudi kutoka kwa mchongaji inang’aa, na mtu asiyejua angeifunga siku ileile. Hapa ndipo kazi ya mkono hasa huanza. Mashine ya kuchonga imeacha kingo za matundu zikiwa kali. Ringi hupita juu ya matundu hayo maelfu ya mara kila dakika, na kila mara hutaka kutumbukia kidogo. Ikikuta kingo kali, itanaswa na kuvunjika. Mzee huchukua tupa ndogo ya mviringo, halafu msasa laini uliolowa oili, na kuzunguka kila tundu, juu na chini zaidi, akiondoa kiasi ambacho ukiangalia huoni tofauti ila ukipitisha ukucha haukwami. Hazungumzi wakati huo. Redio huwa imezimwa.

Matundu hayo yana historia yake. Zamani pistoni ilikuwa na nundu juu ili kuuelekeza mchanganyiko usitoroke na moshi. Mjerumani Adolf Schnürle alionyesha kuwa ukiyainamisha matundu yaelekee ukuta wa nyuma, mchanganyiko utajizungusha wenyewe na pistoni inaweza kuwa bapa. Kampuni ya DKW iliuchukua ufundi huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pikipiki yao ya RT 125 ikaigwa kila upande: Waingereza wakatoa BSA Bantam, na Wajapani wakatoa YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. DT iliyo mezani Chumbageni ni mjukuu wa ukoo huo.

Bloku huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli. Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe la kunolea kwenye mikwaruzo midogo, na unga huo utasaga ringi mpya. Anaosha, anafuta kwa kitambaa cheupe, anaosha tena hadi kitambaa kitoke cheupe. Kisha oili papo hapo. Hapa pwani ukiiacha kavu ukaenda kuswali Adhuhuri, utarudi ukute kutu.

Beringi za krenki zina mbinu ambayo mkewe ameizoea. Mpya hulala kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko wa plastiki, kando ya barafu za ukwaju za wajukuu. Boksi la krenki nalo huwekwa juu ya jiko la mkaa hadi tone la maji likidondoka lichemke na kuruka. Aluminiamu inatanuka, beringi imesinyaa, na beringi hudondoka mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Nimeona gereji ambako kazi hiyo hufanywa kwa nyundo na kipande cha bomba. Huingia pia. Ila beringi iliyopigwa nyundo imeshaanza kufa.

Kufunga ni haraka, ila kuna mambo mawili hayasamehewi. Mshale wa juu ya pistoni uelekee tundu la moshi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake ndani ya mifereji, maana vipini hivyo ndivyo vinavyoizuia ringi isizunguke na kunaswa tunduni. Mdomo wa boksi huzibwa kwa kitambaa safi wakati wa kuweka klipu za pini. Klipu ikiruka ndani, unaanza upya.

Kuhusu oili tunabishana. DT ilikuja na pampu yake ya oili, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube tangu miaka ya 1960, na mafundi wengi huing’oa na kuchanganya kwa mkono kwenye tangi. Mimi naona ni salama zaidi. Yeye anasema pampu nzima hupima vizuri kuliko mtu mwenye kopo, na kwamba ukizidisha oili umepunguza petroli, ukarudi kwenye joto lilelile. Sina jibu la hilo. Tunakubaliana juu ya petroli yenyewe. Enzi za kuchakachua kwa mafuta ya taa, kabla mamlaka ya nishati na maji, EWURA, haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, injini hizi ziliteseka kuliko zote.

Sitaitetea DT kwa yote. Inatoa moshi na inakunywa petroli. Kwa kazi ya bodaboda Boxer inaishinda bila ubishi. Lakini ujuzi huu haujawa wa makumbusho. Injini nyingi za boti za wavuvi wetu, zile Yamaha Enduro, ni za mipigo miwili, na Vespa za Zanzibar vilevile. Sili, kingo za matundu na sehemu chache za mia za milimita ni zilezile, isipokuwa huku nchi kavu ikizima unasukuma.

Kama una DT au AG100 iliyolala uani, usiipimie wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo kabla hujaifungua. Shika konrodi, ivute juu na kuisukuma chini: isipolia, na bloku ikiwa bado ina saizi ya kuchongwa, hiyo ni injini nzima. Badilisha sili, mpe bloku mtu mwenye maikromita, na ringi uzinunue mwisho.