Falmouth: Mji na Mikono Iliyoujenga

Mji wa kale ni kama kitabu. Msomaji hana budi kulitazama jalada lake, lakini akikomea hapo hawezi kusema kuwa amekisoma. Kosa hilo hufanywa na wengi waisifuo miji ya zamani. Katika insha hii tutauhakiki mji mmoja, Falmouth, ulio katika pwani ya kaskazini ya Jamaika, kisiwa cha bahari ya Karibi, tupate kujua sifa zake zastahili kupewa nani.

Tuanze na jalada. Falmouth ulianzishwa mwaka 1769, ukapewa jina la mji wa bandari ulioko Cornwall, Uingereza, jimbo la asili ya Sir William Trelawny, aliyekuwa gavana wa Jamaika wakati huo. Njia zake zilipimwa zikanyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Nyumba zake ni za mtindo ulioitwa kwa jina la wafalme wanne wa Uingereza, kila mmoja wao George, waliofuatana tangu 1714 hata 1830. Katika mtindo huo upande wa kulia wa nyumba hulingana na upande wa kushoto, na dirisha hukabiliana na dirisha. Mwishoni mwa karne ya 18 maji ya mto Martha Brae yaliletwa mjini, na uwanja uitwao Water Square ulipata jina lake kwa kazi hiyo. Wenyeji husimulia kwa fahari kwamba walipata maji ya bomba kabla ya New York.

Mtu apendaye uzuri huona hayo akatoa hukumu yake: mji huu ni kazi ya waungwana. Lakini na aulize swali moja tu: fedha ilitoka wapi? Ilitoka katika miwa. Trelawny, wilaya ambayo Falmouth ndio mji wake mkuu, ilijaa mashamba ya miwa, na merikebu zilitia nanga bandarini kupakia sukari na pombe kali ya miwa kwa safari ya Uingereza. Waliolima, waliokata, waliosaga na waliochemsha walikuwa watumwa waliotolewa Afrika, pamoja na watoto wao. Hata ushairi haukuwa mbali na biashara hiyo. Ukoo wa Elizabeth Barrett Browning, mshairi mashuhuri wa Kiingereza, ulikuwa na mashamba pande zile, na sehemu ya mji ilijengwa juu ya ardhi ya ukoo huo. Mshairi mwenyewe aliulaani utumwa kwa kalamu yake.

Iko hukumu ya pili, nayo hutoka kwa mtu mwenye uchungu. Yeye husema: ikiwa nyumba hizi zimejengwa kwa dhuluma, na ziachwe zianguke. Uchungu wake ni wa haki, lakini hukumu yake ina kasoro. Nani aliyeranda mbao zile? Nani aliyepanga mawe yale? Wengi wa maseremala na waashi wa nchi ile walikuwa watumwa, na ustadi ulikuwa wao. Kuudharau ukuta ni kumnyang'anya mwashi mara mbili: kwanza alinyang'anywa ujira, sasa anyang'anywe na sifa.

Basi hukumu ya haki yapasa kutafutwa mahali pengine. Desemba 1831 Samuel Sharpe, mtumwa aliyekuwa shemasi wa Wabaptisti, aliwaongoza wenzake kugoma kufanya kazi bila ujira. Mgomo ukageuka vita, na mwaka 1832 Sharpe akanyongwa. Mmisionari William Knibb, aliyehubiri Falmouth, alikamatwa, na kanisa lake likabomolewa. Akavuka bahari kwenda Uingereza kuushuhudia uovu wa utumwa. Sheria ya kuukomesha ilipitishwa 1833, lakini uhuru kamili haukupatikana hata tarehe 1 Agosti 1838. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu wa Falmouth walikusanyika pamoja na Knibb. Walichukua mnyororo, mjeledi na kongwa la chuma, wakavitia ndani ya jeneza, wakavizika.

Mimi husema kuwa kaburi hilo ndilo jengo kuu la Falmouth, ijapokuwa halina nguzo wala dirisha. Nyumba za mawe zaonyesha watu walivyotumiwa. Kaburi laonyesha walivyojiona wenyewe. Tukumbuke pia kwamba serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na watumwa wenyewe hawakupewa hata senti.

Baada ya hayo biashara ya sukari ilififia, na mji ukawa maskini. Umaskini huo ndio uliozihifadhi nyumba nyingi, kwa maana palikosekana fedha ya kuzivunja na kujenga mpya. Mwaka 2011 ilifunguliwa gati ya meli kubwa za watalii, na wageni wakaanza kushuka kwa maelfu. Hapo ndipo uhakiki unapokuwa na kazi. Mgeni akionyeshwa madirisha tu, ameuziwa jalada bila kitabu. Akisimuliwa habari za mwashi, za Sharpe na za jeneza, atarudi kwao akiwa amesoma. Na mtoto wa Falmouth anayemsikiliza msimulizi huyo atajua kuwa mji ni wake kwa haki ya jasho la wazee wake.

Nawe msomaji, usidhani kuwa habari hizi ni za ng'ambo tu. Karibu na Mombasa ipo kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Wengi huipita kila siku bila kugeuza shingo. Utakapopita hapo, au mbele ya mlango wowote wa kale ulionakshiwa, usiulize tu ni nani aliyekuwa mwenyewe. Uliza pia ni nani aliyeuchonga, na alilipwa nini.