Jedwali la Elementi au Jedwali Radidia?

Istilahi "jedwali la elementi" ni nyepesi kutamka, lakini ina upungufu: yaitaja orodha, yaificha kanuni. Mwaka 1869 Mendeleev hakuorodhesha tu elementi 63 zilizojulikana; alionyesha kwamba tabia zake hujirudia kwa mpango, akaacha nafasi wazi kwa zisizogunduliwa bado. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886. Mwaka 1913 Moseley alidhihirisha kuwa msingi wa mpango huo ni namba atomia, wala si uzani. "Jedwali radidia" labeba maana hiyo, kwani kuradidi ni kurudia. Mwanafunzi anyimwaye neno hilo hukariri majina asijue kwa nini nafasi zile zilijazwa. Twapendekeza litangulizwe vitabuni.