Kiini Kisikudanganye: Mayai ya Rojo Mezani Lalago

Lalago iko wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, kwenye barabara itokayo Kolandoto kwenda Mwanhuzi. Ukishuka hapo saa moja asubuhi ukaagiza mayai, utaulizwa: ya kukaanga au ya kuchemsha? Mimi hujibu: ya kupasulia kwenye rojo la nyanya. Mama wa jikoni akielewa bila kuniuliza mara ya pili, natafuta pa kukaa.

Tusichanganye mambo. Mayai yaliyochemshwa, yakamenywa, kisha yakatumbukizwa kwenye mchuzi ni kitoweo kizuri cha mchana, lakini hicho ni chakula kingine. Hapa yai linaingia bichi na kuivishwa na rojo lenyewe. Watunisia wanakiita chakula hiki shakshuka. Ufundi wote uko kwenye rojo. Yai ni mgeni tu, na mgeni haingii nyumba ambayo bado inafagiliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia yai, angalia pembeni mwa sahani. Ukiona maji mepesi ya pinki yanachuruzika kutoka kwenye rojo, nyanya hazikuiva. Rojo lililoiva huachia mafuta pembeni, na wekundu wake si wa kung'aa; umeshaanza kuelekea rangi ya tofali. Ukiwa karibu na jiko, tazama mwiko unavyoburutwa chini ya karai: mfereji wake ukae kidogo kabla haujajifunga. Nyanya zenye nyama nyingi na maji kidogo hufika hapo upesi zaidi. Ndiyo maana wapishi wengi hupenda Tanya na Tengeru 97, mbegu mbili zilizotolewa hapa nchini mwaka 1997. Nyanya za maji nazo zitafika, ila zinataka mkaa na subira, na saa moja asubuhi wateja hawana subira. Hapo ndipo hila zinapoingia. Nyanya ya kopo huleta wekundu wa haraka, ulio sawa kila mahali, usio na mbegu wala ganda. Kijiko cha sukari hufunika ukali wa nyanya mbichi, lakini ukitulia utausikia pembeni mwa ulimi.

Bizari nyembamba isikaangwe pamoja na haraka ya mpishi. Inataka kuingia kwenye mafuta baada ya kitunguu kulainika na kabla ya nyanya. Ukisikia vumbi ulimini, ujue ilinyunyizwa mwishoni. Pilipili mbuzi mimi napenda ielee nzima, itoe harufu, kisha iopolewe kabla haijapasuka.

Mafuta yanahitaji neno la ziada, kwa sababu tuko kwenye nchi ya pamba. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa vizuri ni mepesi, rangi ya dhahabu iliyopauka, na hayana harufu ya kushindana na bizari. Mafuta ghafi ni mekundu yanayokaribia weusi, kwa sababu yamebeba gosipoli, sumu ya asili iliyo ndani ya mbegu ya pamba. Hayo hayafai kuliwa, hata ukiambiwa ni ya shambani na hayajachakachuliwa.

Gosipoli hiyohiyo ndiyo iliyonifedhehesha siku moja huku Usukumani. Nilipasua yai kwa kijiko nikakuta kiini cha kijani kilichochakaa, kama gwanda la mgambo. Nikasukuma sahani pembeni. Mpishi, mama wa makamo, akanusa, akanirudishia. “Halijaoza, baba. Kuku wetu wanashinda kwenye mbegu za pamba.” Alikuwa sahihi. Kuku akila mbegu au mashudu ya pamba, gosipoli huingia kwenye yai na kushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye kiini, na rangi huzidi kubadilika kadiri yai linavyokaa. Yai bovu utalijua kwa pua. Na usichanganye kijani hicho na ile pete nyembamba ya kijani inayokizunguka kiini cha yai lililopitiliza motoni. Ile ni kosa la mpishi.

Watu wa mjini wana kosa jingine: wakiona kiini chenye rangi ya chungwa husema “hili la kienyeji,” kikipauka husema wameuziwa la kisasa. Rangi inaeleza kuku alikula nini, haielezi kabila lake. Majani mabichi na mahindi ya njano hukoleza kiini. Kiangazi kikikausha majani, kuku akabaki na mtama mweupe na pumba, kiini chake hupauka hata kama alizaliwa nyuma ya nyumba hiyohiyo.

Mimi huamini ute. Yai jipya likiingia kwenye rojo, ute wake hujikusanya kukizunguka kiini kama mtu aliyejifunika shuka. La zamani hutawanyika, na utakuta nyuzi nyeupe zimezagaa sahani nzima. Mpishi makini hutumbukiza mayai majini kwanza: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea halipasuliwi. Kisha hupasulia kikombeni, moja moja, ndipo amimine kwenye vishimo alivyochimba kwenye rojo kwa mgongo wa kijiko.

Baada ya hapo ni makaa machache na mfuniko. Ute huanza kushikana kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini juu kidogo ya hapo, kwa hiyo rojo linalotokota kwa fujo huufanya ute kuwa mpira kabla kiini hakijapata habari. Tikisa karai: ute utulie, kiini kicheze. Utando mweupe juu ya kiini ni kazi ya mvuke, wala si dosari. Wengi huku wanataka kiini kigumu, na kwa yai ambalo hujui lilitagwa lini sitawapinga. Kiive, lakini kisikauke kikawa unga.

Chapati ndiyo mwenzi wa kawaida. Mimi naomba kiazi kitamu cha kuchemsha, kwa sababu utamu wake unaujibu ukali wa nyanya kuliko ngano inavyoweza. Mkate laini wa dukani unaloa na kukatika kabla haujafika mdomoni. Uache kwa chai.

Ukitaka haya yote, wahi. Ikifika saa nne karai limeshaoshwa, na kilichoko jikoni ni maharage ya mchana.