Si Mwenzetu

Siku ya nne ya Ramadhani yangu ya kwanza Unguja nilikunywa maji barabarani. Sikufanya kwa ubishi. Nilikuwa nimeshuka daladala Darajani, jua la saa nane limenikaa utosini, chupa ninayo, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya tangu Moshi. Mzee mmoja aliyeketi barazani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, heshimu mwezi." Kabla sijafungua mdomo, kijana wa duka la jirani akanijibia: "Mwache mzee, huyo si mwenzetu."

Nikafunga chupa, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani Miembeni ndipo nilipogundua kwamba yule aliyenikemea hakuniumiza hata kidogo. Aliyenitetea ndiye aliyeniumiza.

Wiki hiyo nilikuwa naandaa somo la ushairi, na mezani nilikuwa na nakala iliyochakaa ya Utendi wa Mwana Kupona. Ni utendi wa mwaka 1858, uliotungwa kisiwani Pate na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyewasumbua sana askari wa Seyyid Said. Mama ni mgonjwa, ana binti anayeitwa Mwana Hashima, naye anataka amwachie kitu kabla hajafa. Anamwita aje na wino na karatasi, akae karibu. Anamwahidi hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Kisha anaanza: shika dini, timiza faradhi, usiache sunna, uwe na adabu na ulimi mzuri, mwenzio akikujia mpokee vizuri, usiseme watu. Halafu, kwa beti nyingi, mume.

Nilipoisoma darasani, kijana mmoja wa bara, Mkristo kama mimi, aliinua mkono. "Mwalimu, haya na sisi yanatuhusu?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hana raha ya kucheka.

Nilimpa jibu la haraka ambalo walimu wengi wa fasihi tunalo mfukoni: tunasoma hii kama kazi ya sanaa, tunaangalia vina, mizani na taswira. Ni jibu la uvivu. Mama anayekufa hakumwita mwanawe amhesabie mizani. Alimwita amwambie namna ya kuishi, na kumsoma huku tumeziba masikio kwa lile analolisema ni kumkosea adabu, hata kama tunafanya hivyo kwa lugha ya kitaalamu.

Jibu la pili linapendwa zaidi, na nadhani lina madhara zaidi. Ni lile linalosema: tuache ya dini, tuchukue maadili, maana maadili ni ya wote. Ulimi mzuri ni wa wote, kukaribisha mgeni ni kwa wote. Kweli, hayo hata bibi yangu wa Machame, Mlutheri wa kufa na kupona, angeyapigia makofi. Lakini utendi haukatiki hivyo. Mwana Kupona anamwambia bintiye kwamba mwanamke anahitaji radhi za watano: Mungu, Mtume wake, baba, mama, na wa tano mume. Ni mnyororo mmoja. Mume anasimama pale mwisho kwa sababu kuna aliyesimama pale mwanzo. Siku ya Kiyama, anasema, mume ataulizwa anataka mke huyu apelekwe wapi, na anachotaka ndicho kitakachotendwa. Unaweza kuikataa imani hiyo. Mimi naikataa. Lakini ndani ya imani hiyo mume naye yuko mahakamani, na Hakimu si yeye.

Sasa ondoa Mungu uone kinachobaki. Mimi nimekiona, kwenye kicheni pati ya binamu yangu, Moshi, ukumbini, keki ya ngazi tatu mezani. Somo aliyealikwa kumfunda bibi harusi alikuwa mcheshi, tulicheka mpaka machozi, na karibu kila alichosema kimo kwa Mwana Kupona: mkande mwili, akilala usimwamshe kwa kelele, nukia vizuri, usitoke bila kuaga. Wote mle ukumbini tulikuwa Walutheri na Wakatoliki. Hakuna aliyeuliza amri hizi zimetoka wapi na zinamlazimishaje mtu asiye wa dini ya Hashima. Tuliziita mila. Amri zilikuwa zimesafiri kutoka Pate hadi Kilimanjaro, zikapotezana njiani na yule aliyeziamuru, na zilipofika hazikuwa na mahali pa kukata rufaa. Hashima angeweza angalau kusema: mume wangu naye ana Mola wake. Binamu yangu angesema nini? Kwamba somo alikosea?

Naeleza hili kwa sababu watu wengi wa rika langu wanadhani kanuni ya dini ikivuliwa dini inakuwa nyepesi. Mara nyingine inakuwa nzito zaidi.

(Nakiri kwamba kuna wanaomsoma Mwana Kupona tofauti kabisa. Ann Biersteker aliwahi kuandika kwamba tunaharakisha kumwona mtiifu, na kwamba maneno yake yana dhihaka chini kwa chini. Kila nikifika pale anapomwambia bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, namwelewa Biersteker. Huyu ni mjane wa mpiganaji wa Siyu anayezungumza. Alijua wanaume wanavyokuwa mlango ukishafungwa.)

Nilichokikuta baadaye kilinisaidia zaidi ya vitabu vyangu vya uhakiki, na kilitoka nisikotarajia. Mwalimu mwenzangu wa dini, nilipomsimulia swali la yule kijana, alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za kwao. Akaniambia kwamba wanazuoni wa misingi ya fiqhi waligombana juu ya swali hilohilo karne nyingi zilizopita: je, asiyeamini anahutubiwa na matawi ya sharia, yaani sala, saumu, zaka? Wengi katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, walisema ndiyo. Wengi katika Hanafi walisema hapana, aambiwe imani kwanza. Na hata waliosema ndiyo hawakumaanisha kwamba jirani asiye Mwislamu alazimishwe kufunga. Walimaanisha hesabu ya Akhera. Hapa duniani akifunga, saumu yake haihesabiki, kwa sababu hana nia inayotakiwa.

Kilichonishika ni lile neno: kuhutubiwa. Ni ndugu wa hutuba. Wanazuoni hawakuuliza kwanza nani aadhibiwe; waliuliza nani anayesemeshwa. Hilo ni swali la mhakiki. Kila usia una msemeshwa wake, na msomaji mwingine yeyote amesimama dirishani. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, baada ya kuwafokea watu wa kanisa kwa ukali wote, anasimama ghafla na kuuliza yeye ana kazi gani ya kuwahukumu walio nje. Wakali wawili, Mtume wa kwetu na mafakihi wa kwao, na wote wanajua sauti yao inaishia wapi.

Polisi ndio wasiojua. Zanzibar imewahi kuwakamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani, ilhali katiba zote mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zinalinda uhuru wa dini. Hapo sina maneno mengi: askari hana cha kuuliza kuhusu tumbo la mtu. Na sitaki wasomaji wa bara wajione wametakata. Kwa miaka mingi desturi yetu ilikuwa kwamba machinjoni achinje Mwislamu, ili nyama iliwe na wote. Ilikuwa desturi nzuri ya majirani mpaka watu walipoanza kuihesabu kama sheria ya wengine juu yao. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimuua mchungaji. Kanuni ileile, kisu kilekile. Kilichobadilika ni kama mtu anakubali au anaamriwa.

Ningeishia hapo, na makala hii ingekuwa fupi na ya kuridhisha: kanuni ni ya anayesemeshwa, wengine waachwe. Lakini hiyo ndiyo kauli ya kijana wa dukani. Mwache, si mwenzetu. Na ubeti mmoja wa utendi ulinizuia.

Baada ya kumwambia bintiye habari za adabu, Mwana Kupona anamwonya asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, maana watamvuta kwenye aibu. Hamwonyi dhidi ya Mkristo wala Mhindu. Walio nje ya maadili yake hawako ng'ambo ya bahari. Wako jikoni kwake. Mbele kidogo anamkataza asifunue shiraa njiani. Shiraa ilikuwa kama hema la kitambaa lililowasitiri wanawake wa kiungwana wakitembea, na kulikuwa na vijakazi wa kulishika. Jiulize nani alimsitiri huyo aliyeshika. Hakuna. Kanuni ya stara haikumhusu. Wengi wao walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga kama bibi zao, lakini stara ya bibi haikuwa yao. Walivaa kaniki, na kichwa hawakuruhusiwa kufunika. Walisamehewa kanuni kwa sababu hawakuhesabiwa watu wa kuwa na heshima ya kulindwa.

Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake hao walifanya nini na uhuru wao? Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, anaeleza walivyoiacha kaniki wakavaa kanga, na baadaye buibui. Waliifuata ile kanuni iliyowapita. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Nilitaka wafurahie upepo kichwani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwao kuambiwa "jifunike" kulimaanisha: wewe nawe ni mtu ambaye uso wake una thamani.

Kwa hiyo swali la yule kijana lina pande mbili, na tumezoea upande mmoja tu. Tunahofia kulazimishwa kanuni ya wengine, na tuna haki. Hatuhesabu kwamba kusamehewa nako kuna namna mbili. Kuna "wewe kula, dini yako si hii" ya mtu anayekujua, na kuna "wewe kula" ya mtu ambaye hata ukifa hakupungukiwi kitu kwake. Maneno ni yaleyale. Mzee wa barazani alikosea, nadhani, kunidai heshima ya mwezi usio wangu. Lakini aliniita mwanangu, akanidhania msemeshwa. Kosa lake lilikuwa la kunikaribisha kupita kiasi.

Jioni moja katikati ya mwezi nilimwambia mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa, kwamba nataka kufunga siku moja. Kila mchana alikuwa ameniwekea chakula changu chini ya kawa, na kunikumbusha nifunge dirisha kabla ya kula.

"Utafunga kwa nia ya nani?" akaniuliza.

Nikasema, ya kukaa nanyi.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo si saumu, mwanangu. Hiyo ni njaa."

Tulikuwa tumemaliza kufuturu, watoto wameshatoka. Nikamletea nakala yangu ya utendi, nikaanza kumsomea kwa lafudhi yangu ya Kichaga, ambayo ilimpa kicheko kingine. Ikawa nikifika nusu ya ubeti yeye anaumalizia. Alikuwa nao kichwani, alifundishwa na bibi yake akiwa mdogo, hapohapo Ng'ambo, upande wa mji waliojengea waliokuwa hawana nafasi Mji Mkongwe. Nikaacha kusoma, nikamfuata kwa kidole kwenye karatasi. Alipita dini, akapita adabu, na kidole changu kikabaki nyuma.

"Bibi, umeruka ubeti."

"Upi?"

Nikamsomea ule wa watumwa. Akasikiliza, akitazama mlangoni.

"Huo sikufunzwa," akasema. "Bibi yangu hakuwa nao." Akaendelea palepale alipokuwa amefika, kwa sauti ileile, mpaka mwisho.

Usiku wa manane aligonga mlango wangu. Nilidhani kuna msiba. Alikuwa ameshika taa. "Njaa yako nayo," akasema, "haina daku? Amka ule."