Sauti ya gita la Torres imo usoni, si mgongoni

Mwaka 1862 fundi wa Kihispania Antonio de Torres aliunda gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Uso peke yake, ule ubao wenye tundu chini ya nyuzi, aliufanya wa mti kama kawaida. Gita hilo bado lipo kwenye makumbusho ya muziki ya Barcelona, ingawa hali yake hairuhusu tena kulipiga. Torres hakuwa na uhaba wa mbao. Alitaka watu wajue kwamba sauti hutoka usoni.

Na kweli, uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kusikika mbali. Ukichapwa, hutikisa daraja lililogundishwa usoni, na uso ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo fundi anataka ubao mwepesi, wa kuitika upesi, lakini ustahimili mvuto wa nyuzi sita, ambao kwa nyuzi za nailoni za leo unakaribia kilo 40. Hapo ndipo penye ugomvi. Ubao mnene hulifanya gita kuwa bubu. Ukirandwa kupita kiasi, hubonyea mbele ya daraja.

Mafundi wa Hispania walichagua msprusi wa milima ya Ulaya. Hukua polepole kwenye baridi, ni mwepesi, na kwa urefu wake ni mgumu mara kumi au zaidi kuliko kwa upana. Torres aliuranda hadi milimita 2 na ushei katikati, na pembeni akazidi kuupunguza. Kisha akaukunja kidogo uwe na kuba, kwa sababu ubao wenye mbinuko hukakamaa bila kuongezwa uzito.

Kwa ndani aligundisha vijiti saba vyembamba, vimetawanyika kama mbavu za upepeo kutoka chini ya tundu. Wengi humpa sifa ya kuvibuni, jambo ambalo si kweli: mafundi wa Sevilla na Cádiz walivitumia tangu karne ya 18. Alichofanya yeye ni kuvipanga kwa ulinganifu, kwenye mwili mkubwa zaidi, na kuusimika urefu wa uzi wa milimita 650 ambao mafundi wanaufuata hadi leo. Mwili mkubwa una hewa nyingi, na hewa hiyo nayo huitika kwenye sauti nzito, takriban mitikisiko 100 kwa sekunde. Ndiyo maana besi yake ina kifua.

Wauzaji, hata hivyo, hukutajia kwanza mti wa mgongo, hasa rosewudi ya Brazili, ambayo ni ya jamii moja na mpingo wetu. Mimi simfuati Torres mpaka mwisho: mgongo wa mti mzito humeza mtikisiko kidogo kuliko karatasi, na hilo husikika. Lakini uso mbovu haukombolewi na mgongo wa bei kali.

Padri mmoja wa Almería aliyemfahamu uzeeni alisimulia kwamba Torres aliiweka siri yake kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, alivyoupapasa ubao kuupima. Simulizi hiyo inaingia akilini, maana hakuna mbao mbili zenye ugumu sawa, na magita yake yaliyopimwa hayafanani unene wa uso.